Kwa anayeanza ngoma huku nyumbani wamenuna

Neno utakalolisikia mapema kuliko pongezi ni "uhuni". Usilijibu. Anayelisema huwa ana hofu tatu anazoweza kuzitaja akibanwa: utarudi usiku, utavaa vibaya, na utakufa njaa. Hofu hizo zina dawa, na maneno si mojawapo.

Ya usiku ndiyo nyepesi. Tafuta kikundi kinachofanya mazoezi saa 10 hadi 12 jioni, na namba ya kiongozi wake iwe kwenye simu ya mama. Shangazi au mjomba mwenye sauti nyumbani mlete mazoezini mapema, kabla hajakuona ukumbini. Akishaona jasho, kuhesabu na kukemewa, lugha yake hubadilika. Mwezi wa Ramadhani uliza utaratibu wa kikundi kabla hujaulizwa wewe, maana pwani vingi hupunguza au husimama kabisa.

Chagua pia ngoma ya kuanzia. Bugobogobo ya Wasukuma huchezwa na majembe mkononi, ni ngoma ya kazi, na mzee asiye tayari kuona kiuno hana neno na jembe. Sindimba ya Wamakonde iache ije baadaye. Si kwamba ina aibu. Watu wengi huitazama nyonga tu wakasahau jando na unyago ilikotoka, na mwanafunzi wa wiki mbili hawezi kuwaeleza.

Sasa mwili. Kiuno hakizungushwi na kiuno, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Simama miguu ikiwa sawa na mabega, kunja magoti ushuke kama upana wa kiganja, nyayo zote chini. Nyoosha goti la kulia kidogo huku la kushoto likikunjika zaidi: nyonga ya kulia inapanda yenyewe. Badilisha upande. Fanya polepole mpaka miguu izoee, ndipo uongeze kasi. Mwenzako akuwekee kiganja begani. Bega likipandapanda, ujue unasukuma kwa juu na magoti yamelala. Aliyekaza magoti hulazimika kuupinda mgongo ili nyonga zionekane, na jioni yake anashika kiuno kama mjamzito. Kosa jingine ni kubana pumzi. Imba unapocheza, hata kwa sauti mbaya, pumzi itajiendesha.

Imba pia kwa sababu nyingine. Kwetu neno ngoma ni moja kwa kinachopigwa, kinachochezwa na shughuli nzima, na anayejifunza miguu peke yake huachwa nyuma mpigaji anapobadilisha. Wiki za kwanza kaa karibu na wapigaji, piga makofi tu. Ngoma nyingi zina mkono mmoja unaokwenda kwa mbili na mwingine kwa tatu. Usipousikia mgongano huo kwa masikio, miguu haitauona.

Mazoezi matatu kwa wiki yanatosha, dakika 90 kila moja: 15 za kupasha mwili, 30 za hatua moja tu, 30 za ngoma nzima, 15 za kunyoosha. Wanaoanza huruka zile 15 za mwanzo halafu wanalaumu sakafu. Ingawa sakafu nayo ina lawama yake: kuruka peku kwenye saruji na kutua kwa kisigino huleta maumivu ya ugoko yanayokaa wiki kadhaa. Tua kwa vidole kwanza, kisigino kifuate, goti likiwa limekunjwa. Udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko saruji. Mchanga mlaini wa ufukweni unavutia, lakini unateguza vifundo.

Njuga, zile kengele ndogo za mguuni, zisubiri. Hazina huruma: mguu ukichelewa, uwanja mzima unasikia. Ukizivaa, tanguliza soksi au kitambaa, kwani mkanda huchubua ngozi, na zifungwe juu kidogo ya kifundo, zisibane.

Mavazi: taiti au kaptula ndani, kisha kibwebwe kifungwe kwenye nyonga, chini ya kiuno chenyewe, fundo ubavuni. Mtikisiko unaonekana wote na mwili umesitirika. Kibwebwe cha juu hupanda kila unaporuka, na picha ya sekunde hiyo ndiyo itakayofika kwa baba.

Kuhusu njaa, baba haelewi "kipaji" ila anaelewa stashahada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa TaSUBa mwaka 2007, inatoa cheti na stashahada. Kikundi nacho kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Karatasi ile hunyamazisha mengi.

Kazi za harusi na sendofu zipatanwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu: kiasi, saa ya kuanza na kumaliza, chakula, nani anarekodi video. Nusu itangulie. Nauli ya kurudi isihesabiwe ndani ya malipo, kwa sababu sherehe huchelewa na daladala hazisubiri. Linalovunja vikundi vingi ni pesa za kutunzwa. Amueni kabla ya kupanda gari kama ni za aliyetunzwa au za wote, na mtu mmoja asiyecheza azunguke na kapu. Mgeni aliyelewa akija na noti akitaka kuichomeka kwenye nguo, mwenye kapu ndiye anayesimama katikati.