Mleta uzi, Jumatatu usiipeleke hiyo mashine kwa fundi

Hapana. Hiyo kompyuta isitoke ndani mpaka umemaliza kusoma hapa.

Kwa mnaoingia sasa: kijana yuko Katubuka, Kigoma mjini. Mjomba wake kamtumia kompyuta ya mtumba kutoka Dar, imekuja kwa treni, na anataka kufungua steshenari pale Mwanga. Tayari ameanza kuchapia mitihani shule ya jirani. Kauliza mambo manne: ikoni zipi azifute kwenye deskitopu ili mashine iwe nyepesi, atajifunzaje kibodi bila kuichungulia, kozi ya miezi mitatu ina maana au haina, na anunue printa gani. Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, kaandika kwamba fundi wake kamwambia "kopi kila kilichopo deskitopu, weka kwenye flashi, Jumatatu niletee nipige Windows upya", yaani afute kilichomo na kuweka upya Windows, ile programu inayoendesha kompyuta nzima.

Nimeona watu wanabishana habari za wino wa printa tangu jana. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka na hiyo sentensi ya mwisho. Mimi imenichoma, maana ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na yalinigharimu kibanda.

Nilikuwa nachapa kazi za watu Ujiji. Fundi mmoja alinionyesha alichokiita njia rahisi: ukimaliza kazi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Send to", halafu chagua Desktop, na kazi itakaa mbele ya macho yako kila ukiwasha mashine. Nikafanya hivyo kwa kila kitu. Mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, katiba za vikundi vinavyoomba ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Deskitopu ikajaa ikoni kutoka kona hadi kona. Mashine ilipoanza kuwa nzito, yeye ndiye aliyesema tuipige Windows upya, na akanipa hayo maagizo ya flashi. Nikabonyeza Ctrl na A kuchagua vyote, Ctrl na C kukopi, nikaingia kwenye flashi nikapesti kwa Ctrl na V. Kazi za miezi na miezi zikaingia kufumba na kufumbua.

Na kabla mtu hajaniandikia hapa chini kwamba nilipaswa kuhakiki: nilihakiki! Nilifungua flashi nikabofya mtihani wa Jiografia, ukafunguka. Nikabofya katiba moja, ikafunguka vizuri na mihuri yake niliyoiskani. Ndiyo sababu nilimkabidhi mashine nikiwa na amani kabisa.

Sasa angalia kilichokuwa kinatokea, maana hapa ndipo wanaoanza wote wanapotegwa.

Ikoni unazoziona kwenye deskitopu ni za aina mbili na kwa mbali zinafanana. Moja ni faili lenyewe, kazi yako halisi. Nyingine ni shotikati. Tofauti yake ni kimshale kidogo kilichopinda, kiko pembeni chini upande wa kushoto wa ikoni. Shotikati ni kibao cha barabarani kilichoandikwa "Uvinza". Ukiking'oa hujaing'oa Uvinza, na ukikibeba mpaka Dar hujaibeba Uvinza. Ile "Send to, Desktop" haipeleki kazi deskitopu. Inatengeneza kibao tu. Kazi yenyewe inabaki kule kule ilikohifadhiwa, kwa watu wengi ndani ya folda ya Documents, ambayo kwa kawaida iko draivu C, ile sehemu ya diski ya mashine inayobeba Windows.

Kwa hiyo flashi yangu ilijaa vibao. Vilifunguka kwa sababu nilivijaribu kwenye mashine ile ile yenye kazi zenyewe: kibao kilisema "nenda draivu C, folda fulani", mashine ikaenda, ikaikuta kazi, ikaifungua. Mimi nikaamini kilichofunguka ni cha kwenye flashi. Fundi akafuta draivu C yote, akaweka Windows mpya, akanirudishia mashine inang'aa na nyepesi kweli kweli. Nikachomeka flashi. Majina yote yapo, ila picha za Word zimegeuka karatasi nyeupe, kwa sababu hata Word yenyewe ilikuwa haijawekwa. Akaiweka. Nikabofya. Kikaja kijidirisha cha Kiingereza kinachosema kitu ambacho shotikati hii inaelekeza kwake kimebadilishwa au kimehamishwa, na kikaniuliza kama nataka kuifuta shotikati. Nikabofya nyingine, kijidirisha kile kile. Na nyingine.

Aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda huo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Alikuja kuchukua katiba yao aipeleke kwa afisa maendeleo ya jamii. Amekwishalipa. Amefunga nauli kwenye ncha ya khanga. Akaniuliza, "Kwani mwanangu, haisomi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ilibidi niichape upya kutoka kwenye daftari lao, usiku, bure, na hao walikuwa na bahati kwamba daftari lilikuwepo. Mwalimu wa mitihani hakuwa na nakala ya mkono. Shule haikurudi tena, na shule ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya kibanda.

Fundi nilipomfuata aliniambia, "Si nilikwambia ukopi vyote?" Ndugu zangu, mtu anayechukua hela ya watu kwa kazi ya kompyuta, anayejua kwamba "Send to" inatengeneza shotikati, halafu anamwambia mteja asiyejua kitu "kopi vya deskitopu" bila kukaa naye hata dakika kumi kuangalia ile flashi ina nini, huyo hafai kushika mashine ya mtu. Ana ufunguo wa kufuta kila kitu, basi na wajibu wa kuuliza ni wake. Wala si yeye peke yake. Nilikuwa nimelipia kozi kabla ya hapo, tukanakili kwenye daftari sehemu za kompyuta na vizazi vya kompyuta, kizazi cha kwanza mirija, cha pili transista, tukachora hadi mausi kwa penseli. Kimshale cha kwenye ikoni hakuna aliyekitaja. Kozi ya namna hiyo haina maana hata ikiwa ya miaka mitatu.

Kuna ujanja wa programu za kurudisha vilivyofutwa, ndiyo, upo. Lakini unafanya kazi pale ambapo diski haijaandikwa kitu kingine juu. Yule fundi alishaweka Windows mpya, Word, michezo, na nyimbo alizonipa kama zawadi. Vilivyorudi vingi vilirudi bila majina na havikufunguka.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na hii naomba uiandike kwenye karatasi uibandike juu ya skrini: kazi haijatoka kwenye mashine yako mpaka imefunguka kwenye mashine ya mtu mwingine. Chomoa flashi, nenda kwa jirani, ichomeke kwake, bofya mafaili kadhaa, yafungue mpaka ukurasa wa mwisho. Yakifunguka kule, hapo unayo.

Ukitaka kujua hata kabla ya kutoka nyumbani, bofya ikoni kwa kitufe cha kulia, chagua Properties. Kama aina ya faili imeandikwa Shortcut (.lnk), hicho ni kibao. Angalia na ukubwa, unaopimwa kwa KB na MB (MB moja ni kama KB 1,000): shotikati huwa ni KB 1 au 2 tu, wakati mtihani wenye kurasa na michoro unakwenda makumi au mamia ya KB, na picha ya simu ni MB kadhaa. Ukikuta flashi yenye kazi za mwaka mzima jumla yake haifiki hata MB moja, kaa chini. Na kutoka kwenye shotikati unaweza kufika kwenye kazi yenyewe: kitufe cha kulia, "Open file location", folda inafunguka, hapo ndipo pa kukopi. Njia nyingine ni kujitumia kazi kwa barua pepe halafu kuifungua kwenye simu. 

Usichanganye na lile tatizo la flashi zetu za steshenari, ambapo unachomeka kwenye mashine ya watu na kila folda inageuka shotikati. Hicho ni kirusi. Mara nyingi kinayaficha mafaili halisi na kuweka vibao vyake badala yake, na mafaili bado yamo. Hapo usibofye hivyo vibao na usiiformati flashi kwa hasira, maana kuiformati ni kuifuta yote. Ipeleke kwenye mashine yenye antivirusi nzuri, isafishe, kisha washa sehemu ya kuonyesha vilivyofichwa. Visipoonekana, kuna amri ya kuchapa iitwayo attrib ya kuvifichua. Nimewaona watu Mwanga wanaformati flashi yenye vyeti vyao vyote kwa kutojua hilo tu.

Sasa swali lako la kufuta ikoni. Ikoni yenye kimshale ifute ukitaka, hutaumiza kitu, lakini pia mashine haitakuwa nyepesi, maana umefuta KB 1. Programu yenyewe bado ipo. Kuiondoa ni kupitia Settings, sehemu ya Apps, Uninstall. Isiyo na kimshale, kama ni folda au faili, ndiyo kazi yenyewe: usiiguse mpaka ujue ni nini. Ukifuta kawaida inaingia Recycle Bin, lile pipa la taka la kompyuta, na unaweza kuirudisha, hata Ctrl na Z inairudisha pale pale. Ila mtu akikufundisha kufuta kwa Shift na Delete kwa pamoja "ili iende moja kwa moja", mkatalie, kwa sababu haipiti Recycle Bin. Na ukifuta kitu ndani ya flashi, jua kwamba kwa kawaida hakipiti huko pia.

Kama uzito wa mashine ndio unaokusumbua, angalia kwanza programu zinazojiwasha zenyewe na kama diski imejaa. Na kama fundi anakuharakisha kwa sababu Windows 10 "imekwisha", ni kweli Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine haijazimika siku hiyo na haitazimika Jumatatu. Una muda wa kutosha wa kwenda kwa jirani na flashi.

Kibodi: pitisha vidole juu ya F na J, utasikia kinundu kwenye kila kimoja. Hapo ndipo vidole vya shahada vinapolala, na vingine vinajipanga vyenyewe pembeni bila kuangalia chini. Sisi tunaochapa Kiswahili tuna taabu yetu: lugha yetu inakula A kuliko herufi yoyote, na A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Kitakuuma mwanzoni, kivumilie, usikipumzishe kwa kutumia kidole kingine. Mistari myekundu chini ya maneno yako isikutishe, ni Word inayosoma Kiswahili kama Kiingereza. Namba za pembeni zikigoma, bonyeza Num Lock. Na mkono wa kushoto uzoee Ctrl na S kila unapomaliza aya, kwa sababu kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwenda.

Lakini haya ya vidole yatakuja tu ukichapa kila siku. Lile la Jumatatu halisubiri. Kesho Jumapili chukua flashi yako, nenda kwa mtu yeyote mwenye kompyuta, fungua ile mitihani ya shule moja moja, na angalia ukubwa wake. Ukikuta KB 1, usimpe fundi mashine, andika hapa hapa. Nipo Ujiji, nitapanda bajaji nije Katubuka tuzitafute pamoja zilipo.