Shaba au alumini kwa antena ya FM karibu na bahari?

Kaka, umeuliza kama ukiondoa antena ya alumini hapo kwako Raskazone ukaweka ya shaba, redio itashika vizuri zaidi. Usitupe hela huko. Kweli, alumini inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, lakini kwenye FM mkondo karibu wote hutambaa juujuu ya bomba, kwenye tabaka jembamba lisilofika hata sehemu ya mia ya milimita. Bomba la alumini lina uso wa kutosha, tofauti hutaisikia. Kinachoamua zaidi ni urefu na mkao: kwa megahezi 100, kila mkono, yaani nusu ya antena upande mmoja wa kiboksi cha katikati, uwe sentimita 71 hivi.

Mimi ningeshuku chumvi kwanza. Fungua kile kiboksi ambamo waya wa shaba unakutana na bomba. Ukikuta unga mweupe umeganda pale kwenye skrubu, mchawi wako ndiye huyo: shaba na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, na mawimbi hafifu yanaishia kwenye kiungo kibovu. Sugua kwa msasa hadi ing'ae, weka washa (kile kipete bapa cha skrubu) ya stenilesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, katikati ya hizo metali mbili, kaza, paka grisi, kisha ziba maji yasiingie.

Halafu hilo bati la paa. Linarudisha mawimbi na kuvuruga upokeaji, kwa hiyo inua antena kama mita 1.5 juu yake, mbali kabisa na nyaya za umeme tafadhali.