Maswali ya Wasomaji: Jeni na Tabia za Nzi wa Matunda

Safari hii maswali mengi yamemhusu mdudu mmoja, Drosophila melanogaster, yule nzi mdogo wa milimita tatu hivi anayezengea matunda yaliyoanza kuchacha. Tumechagua matano.

SWALI: Wazee husema tabia ni kama ngozi. Sasa nasikia nzi wana "jeni ya uzururaji". Jeni moja inawezaje kumfanya kiumbe awe mzururaji?

Jeni hiyo ipo na inaitwa foraging. Tuanze na neno lenyewe, maana "tabia" kwa Kiswahili imebeba mizigo ya malezi na maadili. Nzi hana tabia njema wala mbaya. Kwa nzi tunazungumzia kitu cha kupimwa kwa rula: buu ametambaa sentimita ngapi kwa dakika tano.

Kipimo ni rahisi. Unapaka uji mwembamba wa hamira kwenye kisahani, unamweka buu wa hatua ya tatu (ana siku nne hivi tangu yai litagwe, kwa joto la nyuzi 25), unamwacha dakika tano, kisha unapima mfereji aliouchora kwenye hamira. Mwaka 1980 Marla Sokolowski alieleza kwamba mabuu hugawanyika makundi mawili. Wapo wazururaji, wanaochora njia ndefu na kuhama kutoka lundo moja la chakula hadi jingine, na wapo watulivu, wanaokula palepale walipofikia. Ukiwachanganya kwa kuwazalisha, aleli (yaani toleo la jeni) ya uzururaji ndiyo inayotawala.

Jaribio linaloamua mambo ni la pili. Waweke mabuu haohao kwenye agari tupu (jeli ya mwani) isiyo na chakula. Tofauti inatoweka, wote wanatambaa karibu sawa. Kwa hiyo misuli ya watulivu haina kasoro; kinachotofautiana ni jinsi buu anavyoitikia chakula. Jeni ya foraging hutengeneza kimeng'enya kinachopitisha ishara ndani ya seli, na kwa wazururaji kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa kiwango cha juu kidogo. Kidogo tu. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba ukimwongezea mtulivu nakala ya jeni hiyo, watoto wake wanazurura. Na ngozi hii hubadilika: mzururaji akikaa na njaa kwa saa kadhaa, akikutana na hamira hupunguza mwendo kama mtulivu.

SWALI: Jeni ikibadilisha tabia, si lazima iwe inafanya kazi ubongoni?

Si lazima, na kosa hili limewapotosha hata mabingwa. Tazama jeni ya yellow. Nzi dume aliyeharibikiwa jeni hii ana mwili wa rangi ya manjano badala ya kahawia. Mwaka 1915 Alfred Sturtevant aliandika kwamba madume hao hushindwa kupata majike. Kwa miongo mingi maelezo yaliyovutia yalikuwa ya ubongo: labda dume wa manjano hana ari, labda hajui kubembeleza.

Ubembelezaji wenyewe una hatua zinazoonekana kwa darubini ndogo. Dume humgeukia jike, humfuata, humgusa kwa mguu wa mbele, hunyoosha bawa moja na kulitetemesha kuimba, humlamba sehemu ya nyuma, kisha humpanda. Madume wa manjano hufanya karibu yote hayo. Wanakwama kwenye hatua ya mwisho: wanapanda, wanateleza.

Jibu lilipatikana mwaka 2019 kwenye miguu. Kila mguu wa mbele wa dume una kichana, safu ya vinyweleo vinene vyeusi ambavyo dume huvitumia kumshika jike. Weusi huo ni melanini, na melanini ndiyo inayovikaza. Bila jeni ya yellow vichana vinakosa melanini, na dume anakosa mshiko. Watafiti walipoirudisha jeni kwenye vichana, madume walifanikiwa.

Ukisoma tena mahali kuwa "jeni ya tabia fulani imegunduliwa", uliza kwanza: inafanya kazi kwenye seli zipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Tulilinganisha nzi wa macho mekundu na wa macho meupe katika kupanda ukuta wa chupa. Weupe walipanda wachache sana. Naweza kuwaambia wanafunzi kwamba jeni ya macho inaendesha kupanda?

Bado, mwalimu. Matokeo yako yanaweza kuwa ya kweli, lakini kwa mpangilio huo kuna angalau maelezo manne mengine, na kila moja linaweza kujaribiwa.

La kwanza ni ukoo. Nzi wako wekundu na weupe pengine wametoka kwenye chupa mbili zilizotengana kwa vizazi vingi. Hawatofautiani kwa jeni ya white, hiyo ya rangi ya macho, pekee. Wanatofautiana kwa mamia ya jeni nyingine ambazo hazionekani machoni. Dawa yake ni kulinganisha ndugu na ndugu, na bahati nzuri white iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo inawezekana kwa vizazi viwili tu.

Chukua majike bikira wenye macho meupe. Kwa nyuzi 25 jike huwa bikira kwa takriban saa nane za kwanza baada ya kutoka kwenye pupa. Aliyetoka punde utamtambua kwa mwili uliopauka, mabawa yaliyokunjamana na doa jeusi tumboni linaloonekana kupitia ngozi. Wape madume wenye macho mekundu. Watoto wa kike wote watakuwa na macho mekundu na wa kiume wote meupe. Ukiona mabinti weupe, karibu kila mara ina maana mama hakuwa bikira. Mwaga chupa hiyo uanze upya. Kisha waache watoto hao wazaane wenyewe kwa wenyewe. Katika wajukuu, nusu ya madume watakuwa wekundu na nusu weupe. Ni ndugu waliokulia chupa moja, wenye jeni nyingine zilizochanganyika vilevile. Hao ndio wa kulinganisha. Hata hapo, jeni zilizo jirani kabisa na white kwenye X bado husafiri pamoja nayo, kwa hiyo usidai zaidi ya hapo.

Hesabu mwezi mmoja. Kutoka yai hadi nzi mzima ni siku kumi kwa nyuzi 25. Hamisha wazazi kila baada ya siku tatu au nne: chupa ikijaa mabuu, nzi hutoka wadogo na dhaifu, na udhaifu huo utauona ukutani ukadhani ni jeni. Chakula kiwe cha sufuria moja kwa wote. Kipimo kimojawapo kinachofaa ni lita moja ya maji, agari gramu 8, unga wa mahindi gramu 60, sukari gramu 60 na hamira kavu gramu 20. Chemsha huku ukikoroga, acha kipoe hadi nyuzi 60 hivi, ndipo utie asidi ya propioniki mililita 5 kuzuia ukungu. Ukiitia kikiwa kinatokota, inaruka na mvuke na baada ya siku chache chupa zinaota ukungu.

La pili ni usingizi wa gesi. Kama mliwatenganisha kwa kaboni dayoksaidi na kuwapima muda mfupi baadaye, mlipima ulevi. Watenganishe wakiwa na siku moja, wapumzike angalau saa 24 (sisi tungewapa 48), wapimeni wakiwa na siku nne. Msiwalevye tena siku ya kipimo. Wahamisheni kwa kuwagongagonga tu kutoka mrija hadi mrija.

La tatu ni saa. Nzi huchangamka alfajiri na jioni na kuzubaa katikati ya mchana. Wekundu wakipimwa saa mbili asubuhi na weupe saa saba mchana, mmelinganisha asubuhi na mchana. Pimeni makundi kwa zamu, mrija mwekundu, mrija mweupe, ndani ya saa mbili zilezile.

La nne ndilo tunalolishuku zaidi, mwanga. Jicho la nzi limeundwa na vijicho vingi vidogo, na rangi ya macho huzuia mwanga usisambae kutoka kimoja hadi kingine. Nzi mweupe kwenye taa kali ni kama mtu aliyemulikwa usoni. Rudieni kipimo kwenye mwanga mwekundu hafifu, ambao nzi hawauoni vizuri. Tofauti ikipungua, mlikuwa mkipima kuona. Ikibaki ileile, mambo yananoga, kwa sababu protini ya white hailetei macho rangi tu: ni mchukuzi, na miongoni mwa anavyobeba ni triptofani, malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini.

Kipimo chenyewe: unganisheni mirija miwili ya plastiki mdomo kwa mdomo, chora mstari sentimita 8 kutoka chini, tieni nzi kumi wa jinsia moja, waacheni watulie dakika kumi. Gongeni mrija mara tatu kwenye kitambaa kilichokunjwa hadi wote waanguke, kisha hesabuni waliovuka mstari ifikapo sekunde ya kumi. Pumzikeni dakika moja, rudieni mara tano, chukueni wastani wa mrija huo. Wastani huo ni namba moja, siyo hamsini. Nzi kumi ndani ya mrija mmoja huamshana. Mkitaka ulinganisho wa maana pateni mirija kumi kwa kila kundi. Na kwa kuwa macho yanajionyesha, anayehesabu atapendelea bila kujua. Wekeni taa nyekundu nyuma ya mrija mpige video, nzi waonekane vivuli vitupu, kisha ahesabu mwanafunzi asiyejua mrija upi ni upi.

SWALI: Kwa nini wanaochunguza saa ya mwili ya nzi huwaweka gizani siku nzima? Si mateso?

Nzi wanakula na kulala kama kawaida humo. Giza linahitajika kwa sababu mwanga huirekebisha saa kila siku, kama mtu anayesogeza mshale wa saa mbovu kila alfajiri. Ukiwaacha kwenye saa 12 za mwanga na 12 za giza, hata nzi mwenye saa iliyoharibika atafuata saa 24, na kasoro utaigundua kidogo tu: aliye na saa ya haraka huanza shughuli za jioni mapema, aliye na saa ya polepole huchelewa.

Ronald Konopka na Seymour Benzer walitangaza mwaka 1971 nzi wa aina tatu waliopatikana baada ya kuwalisha madume kemikali inayoharibu DNA: wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasio na mpangilio wowote. Mabadiliko yote matatu yalikuwa kwenye jeni moja ya kromosomu X, wakaiita period. Protini yake hujikusanya usiku ikishirikiana na ya jeni ya timeless, huingia kwenye kiini cha seli na kuzima jeni zilezile zilizoizalisha. Ikichakaa, mzunguko unaanza tena. Kazi ya kuifumbua mashine hiyo iliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Kupima, kila nzi hukaa peke yake kwenye mrija wa kioo wa milimita 5 kwa 65, upande mmoja chakula cha sukari asilimia 5 na agari asilimia 2 kilichozibwa kwa nta, upande wa pili pamba. Mwale wa infraredi hukata katikati na kompyuta huhesabu kila anapoukatiza. Siku tatu za mwanga na giza, kisha siku saba za giza tupu. Makosa ya kawaida ni chakula kukauka (nzi hufa siku ya tano, na grafu inaonyesha "usingizi mzito") na kutumia majike waliopandwa, ambao hutaga, na mabuu wao huuchafua mrija.

SWALI: Je, nzi anaweza kufundishwa, au kila kitu kimeandikwa kwenye jeni?

Anafundishika, na uwezo wa kufundishika nao unategemea jeni. Nzi wapatao mia huvutishwa harufu moja kwa sekunde 60 huku wakipigwa shoti ndogo ndogo 12, wanapewa hewa safi, kisha harufu ya pili bila shoti. Baadaye wanawekwa njia panda, harufu moja kila upande, wachague kwa dakika mbili. Wengi huikimbia ile ya shoti. Kundi la pili hufundishwa kinyume na matokeo huunganishwa, maana huenda harufu moja inawachukiza tangu mwanzo.

Nzi walioharibikiwa jeni ya dunce au rutabaga husahau upesi. Rutabaga hutengeneza molekuli ya ishara iitwayo AMP ya mzunguko, dunce huivunja; kwa hiyo ikipungua nzi hajifunzi vizuri, ikizidi pia hajifunzi vizuri. Kabla ya kumwita nzi msahaulifu, lakini, watafiti hupima mambo mawili: kama ananusa harufu zote mbili, na kama shoti inamuuma. Nzi asiyenusa hufeli mtihani huu sawasawa na nzi asiyekumbuka.