Maswali ya Wasomaji: Riwaya na filamu yake, tuzilinganishe vipi?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Bweyale kimesoma riwaya ya Giles Foden, The Last King of Scotland (1998), kisha tukatazama filamu yake ya 2006. Tumejaza karatasi nzima ya tofauti, lakini kila tukijadili tunaishia kusema "riwaya ni nzuri zaidi". Tunakosea wapi?

JIBU: Karatasi yenu si bure, ila mmeishia nusu ya kazi. Kila tofauti mliyoiandika iulizeni swali moja zaidi: badiliko hili limefanya kazi gani?

Anzeni na msimulizi. Katika riwaya, Nicholas Garrigan, kijana wa Scotland anayekuwa daktari wa Idi Amin, anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, akiwa amerudi Scotland, anaandika kisiwani mambo yaliyokwisha kupita. Lolote analosema kuhusu Idi Amin linatoka kwa mtu anayejitetea. Kamera haina "mimi" wa namna hiyo, kwa hiyo mwongozaji Kevin Macdonald hana budi kuonyesha kwa vitendo kile ambacho Foden amekiandika kama mawazo. Rudieni mwanzo wa filamu: Garrigan anazungusha tufe la dunia, ameazimia kwenda popote kidole kitakapogusa. Kinagusa Kanada; hakuridhika, anazungusha tena, kinagusa Uganda. Kwa muda mfupi huo tumeshamjua kuwa mtu wa papara asiyetimiza hata ahadi aliyojipa mwenyewe.

Halafu chukueni daftari, chora safu tatu: riwaya, filamu, historia. Sisi wa Uganda hatuwezi kuiacha safu ya tatu, kwa sababu Garrigan hakuwahi kuishi, lakini Amin na mkewe Kay waliishi. Jazeni mstari wa Kay. Historia: alikufa 1974, na daktari aliyekuwa mpenzi wake alikuwa Mganda. Riwaya: mpenzi ni daktari huyo huyo, na Garrigan anaombwa amtoe Kay mimba, anakataa. Filamu: mpenzi ni Garrigan mwenyewe, na kifo kimesogezwa hadi siku za utekaji wa ndege Entebbe, 1976.

Sababu ya kwanza ni muda. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja, na filamu hii ina takriban saa mbili tu. Waandishi wake, Peter Morgan na Jeremy Brock, wamewakunja watu wawili kuwa mmoja ili hatari yote imwangukie mhusika mkuu. Lakini hapo ndipo, kwa maoni yetu, filamu imepoteza zaidi. Kosa la Garrigan wa riwaya ni kutazama na kukaa kimya. Filamu imempa kosa la uzinzi, ambalo ni rahisi zaidi kulielewa na kulihukumu. Mwisho nao unafuata mkondo huo. Filamu inamtoa nchini 1976, pamoja na mateka wanaoachiliwa. Riwaya inambakiza hadi vita vya 1979, majeshi ya Tanzania yanapoingia, wakati visingizio vyote vya kubaki vimemwishia.

Msiinyime filamu haki yake, hata hivyo. Foden anahitaji aya nyingi kueleza jinsi Amin alivyovuta watu na kuwatisha kwa wakati mmoja. Forest Whitaker anafanya hivyo kwa uso na sauti, na ndiyo maana mwaka 2007 alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Chagueni tukio moja la Amin akiwa na Garrigan. Lisomeni kwa sauti. Litazameni bila sauti, kisha lisikilizeni bila picha, huku mkiandika saa na dakika ya kila badiliko la hali yake. Tukio moja lililochambuliwa hivyo litawapa hoja nyingi kuliko karatasi yenu yote.

SWALI: Kibanda cha video kwetu kinaonyesha filamu zikiwa na tafsiri ya VJ, yaani msimulizi anayezitafsiri kwa sauti yake. Tunaweza kutumia hiyo?

JIBU: Kwa starehe, ndiyo. Kwa ulinganishi, hapana. VJ hatafsiri tu. Anaeleza, anaongeza vichekesho, na sauti yake inafunika mazungumzo na muziki. Mtajikuta mnanukuu maneno ambayo hayamo kwenye skripti. Tafuteni nakala yenye sauti ya asili. Kazi ya VJ ipangieni jioni yake, maana nayo ni usimulizi upya.

SWALI: Je, filamu ya Queen of Katwe na kitabu chake tuzilinganishe vivyo hivyo?

JIBU: Si sawasawa. Kitabu cha Tim Crothers (2012) ni cha uandishi wa habari, si riwaya, na Phiona Mutesi, mchezaji chesi wa Uganda anayesimuliwa humo, yu hai. Mira Nair alipoitengeneza filamu ya 2016, alikuwa akipanga upya maisha ya mtu, si ya mhusika wa kubuni. Anzeni na mfuatano wa miaka: kipi kimesogezwa, kipi kimerukwa, na nani amefaidika au kuumia kwa kusogezwa huko.