Kocha, huyu wangu atafika?

Jumamosi iliyopita, hata kipenga cha kwanza sijapuliza, mama mmoja wa Muyeye alinijia pembeni mwa uwanja amemshika mwanawe mkono. "Kocha, niambie kweli. Huyu wangu atafika?" Hakusema atafika wapi, wala hakuhitaji. Hapa Malindi mzazi akiuliza hivyo anawaza ligi kuu ya soka, timu ya taifa na ndege.

Zamani jibu nilikuwa nalo mfukoni. Nikimtazama mtoto dakika kumi, natangaza, na nikitangaza watu wanaitikia kwa vichwa, nami navimba. Siku hizi namjibu mzazi kwa swali: amezaliwa mwezi gani? Wengine hunung'unika kwamba kocha amezeeka. Ngoja nieleze nilivyofika hapo, maana njia yenyewe ilipitia kwenye mchezo ambao sijawahi kuucheza wala kuuona uwanjani.

Mwaka 2013 nilikuwa mapokezi ya usiku katika hoteli moja ya ufuoni. Ilikuwa Julai, kusi limekaza, ufuo umejaa mwani, wageni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kimarekani asiyejua kulala. Ikifika saa nane za usiku anashuka na kompyuta yake, anakaa karibu na meza yangu kwa kuwa hapo ndipo intaneti iliposhika, anatazama besiboli. Saa nane zetu za usiku ni saa moja ya jioni kule New York. Usiku wa kwanza nilimsalimu tu. Usiku wa tatu nilikuwa nimevuta kiti.

Asiyeujua mchezo huo achukulie hivi: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwenzake ana gongo na anajaribu kuupiga, na wengine wametawanyika kuudaka. Kusema kweli haukunikolea, watu wanasimama mno. Kilichonishika ni habari za vijana wao. Mzee alikuwa amefundisha watoto wa mtaani kwao miaka mingi, na alipojua nami nina timu ya watoto, usingizi ukamtoka kabisa.

Tangu 1965, klabu za ligi kuu ya besiboli huketi kila mwaka na kuchagua vijana kwa zamu, huyu wangu, yule wako. Kila klabu ina wasaka vipaji ambao kazi yao ni kuzunguka nchi wakitazama watoto wa shule, saa ya kupimia kasi mkononi. Pesa wanazo, kumbukumbu za miaka na miaka wanazo, madaktari wanao. Nikadhani basi hawakosei.

Kumbe! Mwaka 1966 Mets ya New York ilipewa zamu ya kwanza ikamchukua Steve Chilcott. Bega likamharibikia, asicheze hata mechi moja ya ligi kuu. Aliyetajwa wa pili, Reggie Jackson, alimaliza kazi yake akiwa na mapigo 563 ya kumaliza mzunguko mzima, yale ambayo kwa kawaida mpira huruka nje ya uzio. Mwaka 1991 Yankees wakamtaja kwanza Brien Taylor, mrushaji wa mkono wa kushoto, wakamlipa dola milioni 1.55. Desemba 1993 akaingia katika ugomvi, akaumia bega lilelile la kurushia. Naye hakufika.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1988 Mike Piazza alitajwa wa 1,390, tena kwa hisani, kwa sababu meneja wa Dodgers, Tommy Lasorda, alikuwa rafiki wa baba yake. Baadaye, mzee wangu ameshakwenda zake, nilisoma kwamba mwaka 2016 Piazza aliingizwa katika jumba wanamowaenzi magwiji wa mchezo huo. Mwaka 1999 yalitajwa majina 401 ndipo mtu akamkumbuka Albert Pujols, na alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na mapigo 703 ya aina ile ya Jackson.

Ninayempenda zaidi ni Jose Altuve wa Venezuela, labda kwa kuwa mimi mwenyewe ni kibete. Alikwenda kwenye majaribio ya klabu ya Houston Astros, wakamwona mfupi mno, wakamwambia asirudi. Baba yake akamsukuma arudi kesho yake. Akarudi, wakamsaini kwa dola 15,000, fedha ndogo kabisa katika mambo yao. Mwaka 2017 alitangazwa mchezaji bora wa mwaka katika ligi yake.

Habari hizi zilinifurahisha, lakini hazikunibadilisha. Kilichonibadilisha ni karatasi aliyonichorea mzee nyuma ya fomu ya wageni. Wasaka vipaji wa besiboli humpa kijana alama kuanzia 20 hadi 80. Alama 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, na 80 huonekana mara chache sana. Kwa mpigaji hutazamwa mambo matano: kuugusa mpira, kuupiga kwa nguvu, mbio, kudaka, na mkono wa kurusha. Na kila jambo lina alama mbili, moja ya leo, nyingine ya siku za mbele. Kijana wa miaka 17 anaweza kupewa 30 leo na 60 ya mbele, na msaka vipaji lazima aeleze hiyo 30 nyingine itatoka wapi.

Hapo nilinyamaza. Maisha yangu yote ya ukocha nilikuwa na safu moja tu, ya leo, nami nikaiita kesho.

Asubuhi nilipotoka zamu nilipitia dukani nikanunua daftari. Timu yangu ya chini ya miaka 14 ilikuwa na wavulana 22. Nikawaandika wote: mwezi aliozaliwa, alama ya sasa, alama ya baadaye, sababu, na tarehe ya siku hiyo. Kwa wino. Kama wewe ni kocha na utachukua jambo moja tu kwenye makala hii, chukua hilo la wino na tarehe. Utabiri wa mdomo haukosei kamwe, kwa kuwa mwenyewe huukumbuka vile upendavyo. "Nilisema mimi!" Ulisema lini? Tuoneshe.

Daftari lile limenivua nguo. Niliyempa alama za juu kuliko wote alikuwa na miaka 13 na sharubu zimeanza kuchomoza. Akimgusa beki, beki yuko chini. Kwenye sababu niliandika "nguvu" nikaipigia mstari. Alipofika 17 wenzake walikuwa wamemfikia kimo, na ndipo ilipoonekana kwamba hajui kugeuka na mpira, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kugeuka. Siku hizi anaendesha tuktuk kati ya sokoni na Casuarina, na nauli yangu haipokei.

Niliyemwandikia "mwepesi, hana nguvu, hapana" alikuwa mtoto wa Mambrui, miguu kama vijiti vya mshikaki, njumu za kakake zimejazwa magazeti. Kazaliwa Desemba. Leo analipwa kucheza huko bara. Si mshahara wa kujengea ghorofa, lakini ni mshahara, na mimi wino wangu wa "hapana" uko palepale.

Wachache niliwapatia, nisijinyime. Ila nilipokaa na lile daftari miaka minne baadaye niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kati ya wale 22, 14 walikuwa wamezaliwa kabla ya Mei. Mpira wetu hukata umri tarehe 1 Januari, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wanacheza pamoja. Kwa mtu wa miaka 30, miezi 11 si kitu. Kwa wa miaka 12 ni kimo, ni kifua, ni sauti. Mkubwa anachaguliwa, anapewa dakika nyingi, anazidi kuwa bora, na sisi tunasema "tulijua". Marekani nako ni hivyohivyo: besiboli ya watoto kwa miaka mingi ilikata umri mwisho wa Julai, na katika wachezaji waliofika ligi kuu waliozaliwa Agosti wamewazidi wa Julai. Mimi sikuwa nachagua vipaji, nilikuwa nachagua kalenda.

Kwa hiyo mzazi, usimpunguzie mtoto umri. Najua inafanyika, na najua majirani wanafanya. Mwaka 2001 kijana Danny Almonte aliwapagawisha Wamarekani kwenye mashindano ya besiboli ya watoto wa miaka 12, hadi ikajulikana kwamba ana 14. Ushindi wa timu ukafutwa. Hakuwahi kufika ligi kuu. Aibu hupita. Ubaya wenyewe ni kwamba ukimweka mtoto wa miaka 14 na wa 12 huwezi tena kujua ana nini. Wanaojua besiboli humsifu zaidi wa miaka 19 anayestahimili kati ya watu wa 24 kuliko wa 24 anayewatesa wa 19.

Nikiulizwa sasa natazama nini, natazama siku nne. Jumanne namfundisha mtoto kitu asichokijua, tuseme kutuliza mpira kwa mguu wa kushoto na kugeuka papo hapo. Jumamosi natazama kama amekuja nacho. Sijali kama anakosea. Kuna anayekosea akiwa anajaribu kile cha Jumanne, na kuna anayepatia kwa kurudia kile alichokuwa nacho tangu mwaka jana. Wa kwanza ndiye huongezewa alama kwenye safu ya pili. Kipimo hiki hakina saa wala kompyuta, na kimenidanganya mara chache kuliko macho yangu.

Sasa lile ambalo halimo kwenye daftari, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuliandika. Kabla ya usiku ule wa mapokezi nilimwambia baba mmoja, mbele ya watu, kwamba mwanawe ni wa kwenda mbali na asipoteze muda. Nilimaanisha muda wa mazoezi. Yeye alisikia muda wa shule. Kijana akaacha masomo kidato cha pili. Mwaka uliofuata goti likageuka, na hapo hakuna mtabiri awezaye kukusaidia. Baba yake hajanilaumu hata siku moja, na tukikutana msikitini ananisalimu vizuri sana. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hizo neno "atafika" sitamki. Nasema anachoweza leo, nasema anachoongeza, basi. Na shule nauliza kila muhula, fomu ya matokeo naiona kwa macho.

Kidogo kuhusu mawakala, maana msimu wao huanza Desemba watoto wakifunga shule. Taylor alilipwa na klabu. Altuve, huyo waliyemfukuza kwa ufupi, naye alilipwa na klabu. Pesa inatoka kwa anayemtaka mtoto inakwenda nyumbani kwa mtoto. Akija mtu anakuambia mwanao ana nafasi ya majaribio Ulaya, ila utume kwanza za fomu, za viza na za "kumshikia nafasi", huyo wewe ndiye nafasi yake. Mzazi mmoja wa timu yangu aliuza mbuzi watatu. Simu ya wakala haikupokelewa tena.

Yule mama wa Muyeye nilimuuliza mwezi. "Novemba," akasema, "tarehe ishirini na kitu." Nikamtazama mtoto. Mdogo kuliko wote uwanjani, kamasi zinamtoka, jezi inafika magotini. Nikamwambia mama amlete Jumanne saa kumi, aje na mguu wa kushoto. Mama akacheka. Nikafungua daftari, la tatu sasa, nikaandika jina, Novemba, na alama ya sasa. Safu ya pili nimeiacha wazi mpaka Jumamosi.