Neema mwanangu, kuhusu ile p53

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi, sisi huku wazima. Umeniuliza: kama p53 ni protini ya kuzuia saratani, mbona mhadhiri wenu kaitia kwenye mada ya kinga ya mwili, ilhali si chembe nyeupe ya damu wala si kingamwili?

Ukitaka kujua seli hujilinda kwa silaha gani, angalia kirusi huharibu nini kikishaingia. Chukua HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hasa aina ya 16 na 18, tunayohangaika nayo kliniki kila siku. Kirusi hiki ni kidogo mno, hakina vyombo vyake vya kunakili DNA, kinaazima vya seli. Shida yake ni kwamba seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi zimeshaacha kugawanyika. Basi kinatengeneza protini iitwayo E7, inayoikamata Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Rb ikishashikwa, seli inaanza kunakili DNA. Hapo p53 inashtuka, na amri yake ni kali: seli ijiue. Ikifa mapema, kirusi nacho kinakwisha kabla hakijazaana.

Hiyo ni kinga kamili, hata kama hakuna chembe nyeupe iliyofika. Ndiyo maana kirusi kina E6, inayoshirikiana na kimeng'enya cha seli yenyewe kuibandika p53 alama ya kuharibiwa, kisha seli inaisaga kwa mikono yake. Mwizi kampa mbwa sumu kabla ya kugusa mlango. Saratani huja baadaye, seli zikiishi miaka mingi bila mlinzi na makosa ya DNA yakirundikana. Kirusi chenyewe hakifaidiki nayo hata kidogo.

Tena p53 haifanyi kazi peke yake. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba interferoni, ile inayotolewa na seli iliyoambukizwa kuzitahadharisha jirani zake, huiamsha jeni ya p53. Panya wasio na p53 walilemewa zaidi na virusi. Na unajua p53 iligunduliwaje? Mwaka 1979, imeng'ang'aniwa na protini ya kirusi cha nyani, SV40. Wataalamu wakakaa miaka kumi wakiihesabu kuwa chanzo cha saratani! Mimi hunichekesha.

Ila kwenye mtihani usizidharau chembe nyeupe. Wanawake wengi huiondoa HPV wenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na kazi hiyo ni ya chembe T. Wenye VVU hatari yao ya saratani hii ni mara 6 ya wengine.

Sasa la Zawadi. Wakija na chanjo ya HPV shuleni, achomwe, usisikilize maneno ya majirani kwamba inaharibu uzazi. Kingamwili zake hukikamata kirusi nje ya seli, kabla E6 haijapata nafasi. Kikishaingia, chanjo hairudishi p53 iliyosagwa, ndiyo sababu tunawachanja wangali wadogo.

Na wewe umepita miaka 30, nenda ukapimwe. Ni pamba yenye siki, unasubiri dakika moja, palipo na seli zenye mashaka panageuka peupe. Ukija likizo bila kupima, nitakupeleka mwenyewe.

Mama yako