Egemeo la bei nafuu la kusetia bunduki: anza na mfuko wa nyuma

Ndugu zangu mnaoanza mambo ya shabaha, leo nataka niseme kitu kuhusu egemeo la kulazia bunduki wakati wa kuiseti, maana kila nikienda uwanjani nakuta mtu mpya anarudia kosa lilelile na mimi lilinila risasi nyingi sana kabla sijashtuka.

Kosa lenyewe liko hivi. Mtu kapata bunduki yake, kibali kipo, darubini kafunga juu, sasa anataka kitu cha kuilazia ili apige ziro, yaani aseti darubini mpaka risasi itue pale anapolenga. Anaenda dukani anakuta stendi ya chuma yenye maskrubu ya kupandisha na kushusha, inavutia kweli, pesa yote inaishia pale. Anafika mezani anaweka mbele ya bunduki kwenye ile stendi, afu nyuma chini ya kitako anaweka ngumi yake au kiwiko. Anapiga tatu, matundu yamesambaa kama sahani. Anaanza kulaumu darubini, mara risasi mbovu, mara mtutu. Kumbe tatizo ni ile ngumi.

Piga hesabu kidogo hapa maana ndo mzizi wa jambo lote. Chukulia kutoka egemeo la mbele mpaka kitako kinapokalia ni sentimita 60. Kitako kikishuka milimita 1 tu, yaani zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki, kule mita 100 pale unapolenga panahama sentimita kama 16 au 17. Milimita moja! Na ngumi yako inatetemeka na mapigo ya moyo, ukivuta pumzi inapanda ukitoa inashuka, haiwezi kukaa ndani ya milimita moja hata ujitahidi vipi. Ndo maana nasema mbele panabeba uzito, ila nyuma ndo panalenga. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua mfuko mzuri wa nyuma (ule wa kulazia kitako), mbele utaweka hata begi lako la mgongoni umelijaza nguo ukalikandamiza likawa gumu, na utashangaa utakachokiona kwenye karatasi.

Mfuko wa nyuma mzuri sio lazima uwe wa duka. Mimi wa kwanza nilishona kwa mguu wa jinzi ya zamani, unakata kipande kama urefu wa kiganja na nusu, unashona upande mmoja mara mbili kwa uzi mgumu, unajaza, unafunga upande wa pili. Siri iko kwenye kujaza. Usiujaze ukawa mgumu kama tofali, acha kama robo hivi wazi ili ukiuminya kwa mkono wa kushoto uinuke na ukiulegeza ushuke. (Nasema kushoto kwa sababu mimi natumia wa kulia kwa triga, anayetumia wa kushoto ageuze.) Hapo ndo unapata ule urekebishaji mdogo mdogo, unaminya kidogo msalaba wa darubini unashuka, unalegeza unapanda, mpaka unakaa katikati ya alama. Hakuna skrubu ya bei nafuu inayoshinda hicho kiganja, nasema kwa dhati kabisa, maana skrubu nyingi za bei rahisi zina uchezaji, unazungusha haitikii, unazungusha tena inaruka.

Cha kujazia je? Mchanga ni mzito na umetulia, ndo mzuri kwa mfuko wa mbele, lakini uwe mkavu kabisa na umeuchekecha. Ukiweka wenye unyevu unagandana, unaozesha kitambaa na unaleta kutu kwa chuma kinachogusa. Na ole wako mshono uachie, chembe zikiingia kwenye bolti (kile chuma unachovuta kufungua na kufunga chemba, pale risasi inapokaa) utasafisha siku nzima, kwa hiyo weka kwanza ndani ya mfuko mwingine wa kitambaa afu ndo uvalishe ule wa nje. Mchele unafaa kwa muda, ila ukiuacha stoo panya na wadudu watakutangulia. Punje ndogo za plastiki ni nyepesi na zinaminyika vizuri, hizo nazipenda nyuma kwa sababu unaubeba mfuko hata ukitembea porini. Mbele hazinifai sana, wepesi wake unafanya mfuko usogee kila ukipiga.

Sasa tuje mbele, kama bado unataka stendi sio mfuko. Angalia vitu vichache tu. Kwanza miguu, chagua yenye miguu mitatu maana kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata meza ikiwa na mabonde, cha minne mguu mmoja unaweza ukaning'inia. Pili uzito, stendi ya plastiki nyepesi ukilaza bunduki juu yake inajipinda, unaiona kabisa kwenye darubini msalaba unahama ukigusa tu kitako. Kama uliyoimudu ni ya plastiki usiitupe, ilazie mfuko wa mchanga kwenye miguu yake, inatulia. Tatu, pale bunduki inapokalia pawe na kitu laini. Bunduki ikikaa moja kwa moja kwenye chuma au ubao mgumu, ikipiga inadunda kutoka pale na risasi inaelekea kupanda juu ya ulipolenga, utaseti ziro ya uongo halafu siku ukipiga ukiwa umeshika kwa mkono unakuta inapiga chini.

Na jamani mtutu usiulaze kwenye egemeo. Hii nairudia kila siku. Mtutu ukipiga unatetemeka, ukiuwekea kitu chini unaubadilishia mtetemo na matundu yanahamia kwingine. Laza ile sehemu ya mbele ya mbao au plastiki unayoishikaga kwa mkono, kama sentimita kadhaa nyuma ya ncha yake, na angalia kile kishikizo cha mkanda kisiwe karibu na mfuko, maana bunduki ikirudi nyuma kikikwama kwenye mfuko kinaivuta bunduki pembeni. Wengi hawalioni hili, anakuwa na matundu mawili pamoja na moja limekimbia, anafikiri ni yeye.

Bunduki yenye magazini ndefu inataka egemeo refu, hilo lipime kabla ya kununua, maana ukiwa na stendi fupi magazini inagonga meza na hapo kitako hakikai sawa kabisa. Suluhisho rahisi ni magazini fupi kwa siku ya kuseti, huhitaji risasi nyingi mle ndani siku hiyo.

Kuna zile fremu kubwa zinazobana bunduki mbele na nyuma kwa pamoja, unaziwekea vyuma vya uzito ili teke lisikufikie begani. Najua zinashawishi, hasa kwa mwenye bunduki inayopiga teke zito. Mimi sizipendekezi kwa anayeanza. Nguvu ya teke haipotei, ukiizuia bunduki isirudi nyuma ile nguvu inabaki kwenye kitako na kwenye darubini, na kitako cha mbao kinaweza kupasuka pale shingoni, pembamba nyuma ya triga. Ukiwa nayo tayari usiijaze uzito wote, iache iteleze kidogo. Na kitu kingine, bunduki iliyobanwa hivyo inaweza kupiga mahali tofauti na ikiwa begani kwako, na begani ndo utakapoitumia. Kama teke linakusumbua, kaa wima zaidi, inua egemeo juu ili mwili urudi nyuma nao, weka taulo lililokunjwa kati ya bega na kitako. Ukilala kifudifudi juu ya meza bega halina pa kwenda, linapigwa lote.

Baipodi, zile miguu miwili za kufunga mbele ya bunduki, ni nzuri kwa anayepiga amelala chini. Juu ya meza ngumu zinadunda na kuteleza. Ukiwa nazo tandika kipande cha zulia chini yake na mfuko wa nyuma uwe palepale.

Kabla hujatoa hela fanya jaribio hili, halihitaji hata risasi moja. Hakikisha bunduki haina kitu, fungua bolti, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, mpe na mwenzako aangalie. Ielekeze upande salama. Ilaze kwenye egemeo na mfuko wa nyuma, lenga kitu kidogo cha mbali, afu toa mikono yote. Msalaba ubaki pale pale ulipouacha. Ukihama, egemeo halijabeba, mwili wako ndo ulikuwa unabeba. Rudisha, sasa vuta triga taratibu ukiwa umeweka risasi bandia ndani, msalaba ukiruka wakati wa kubofya basi kuna kitu kinacheza, tafuta ni mbele, nyuma, meza au kidole chako. Meza nayo ni sehemu ya egemeo, msisahau, meza inayoyumba hata uweke stendi ya dhahabu ni kazi bure. Na kiti pia, miguu yako ikanyage chini vizuri.

Ukishakuwa na egemeo linalosimama lenyewe unapata faida nyingine kwa bunduki ya bolti: unatoa bolti, unachungulia ndani ya mtutu ukiwa nyuma, unaweka shabaha ya mita 25 katikati ya lile tundu, halafu bila kuigusa bunduki unazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba ukutane na shabaha ileile. Hii inakuokolea risasi nyingi, utaanza ukiwa tayari upo kwenye karatasi. Anza mita 25 kweli, usianze 100 ukaanza kutafuta matundu kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Hapo 25 kuna mtego. Kliki (ule mlio mmoja wa kifundo cha darubini ukikizungusha) nyingi ama ni za sentimita 1 kwa mita 100, ama zile za robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii) ambazo ni kama milimita 7 kwa mita 100. Ila kwa mita 25 kila kliki inahamisha robo tu ya hiyo. Kwa hiyo ukiwa umepiga chini sentimita 5 kwa mita 25, na kliki yako ni ya sentimita 1, sio kliki 5, ni 20. Nimeona watu wanazungusha 5, wanapiga, wanazungusha 5, wanapiga, boksi linaisha.

Na usizungushe kwa tundu moja. Piga tatu, ukiweza tano, ukilenga palepale hata kama inapiga pembeni, angalia katikati ya kundi la matundu ndo uhamishe hiyo katikati. Acha mtutu upoe kati ya makundi, ukiwa wa moto sana kuugusa usiendelee, kunywa maji, pumzika. Vaa vya masikio na miwani hata ukiwa unapiga tatu tu, masikio hayarudi. Ukiona kundi linashuka kadiri unavyoendelea kupiga, angalia kama unashtuka, mwambie mwenzako akuchanganyie risasi bandia katikati bila wewe kujua, mdomo wa bunduki ukichota chini wakati hakuna mlio basi ni kushtuka, egemeo halina kosa.

Kwa bastola ni tofauti kidogo. Usiegemeze chini ya mshikio moja kwa moja kwenye kitu kigumu, laza mikono yako juu ya mfuko, viganja vishike bastola kama kawaida na vifundo vya mikono ndo vikalie mchanga. Mfuko mmoja mkubwa unatosha, stendi hapo ya nini.

Ukishamaliza na egemeo, usifunge mara moja. Weka risasi tatu za mwisho kwa ajili ya mkao utakaoutumia kweli, kama ni kukaa chini na magoti au kuegemea mti, piga hizo tatu na uangalie zimetua wapi ukilinganisha na kundi la mezani. Zikiwa mahali pamoja, andika kwenye daftari tarehe, aina ya risasi na umbali, toa magazini, acha bolti wazi, funika darubini, rudi nyumbani. Zikiwa zimehama, rudi mezani uangalie kama mtutu ulikuwa umegusa mfuko.